Stelingi Halipi Nauli

Mwaka 2022 nilimwita mamangu mwoga. Nilikuwa nimekaa kwa stuli, yeye amesimama anakaanga vitunguu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia una vidole vitatu. Alikuwa ametoka kwa wakili kutia sahihi makubaliano ya nje ya mahakama. Kampuni inamlipa shilingi 80,000, yeye anafunga kesi, na hakuna upande unaokubali kosa. Miaka saba ya kesi ikaishia kwa karatasi mbili zilizobanwa na pini.

Nikamwambia, "Mathe, Erin Brockovich hangekubali hii kitu."

Hakumjua Erin. Alidhani ni mtu wa kanisa. Basi nikamsimulia muvi yote: mama wa watoto watatu asiye na kazi wala digrii, anaingia kwa ofisi ya wakili kwa nguvu, anagundua kampuni kubwa imewatilia watu sumu kwa maji, anapigana, anashinda. Mathe alinisikiza mpaka mwisho. Akageuza vitunguu, akauliza swali moja tu.

"Na huyo alikuwa anaenda kotini na nauli ya nani?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na halinipendezi. Hizi muvi za mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, ambazo tumezipenda tangu tukiwa watoto, zinatudanganya. Sisemi zinadanganya kwa kusema mnyonge anaweza kushinda. Kushinda kupo. Zinadanganya kuhusu bei. Na ukimficha mtu bei, unamfundisha kuwadharau wale walioshindwa kulipa. Mimi nilifundishwa, na wa kwanza kumdharau alikuwa mathe.

Muvi zenyewe unazijua. Mtu wa kawaida anaonewa na kampuni, au polisi, au tajiri wa mtaa. Anaambiwa aachane nayo, anakataa. Anapata wakili mlevi au aliyekata tamaa, na huyo wakili anaamka. Katikati kuna usiku mmoja wa kukata tamaa, mvua inanyesha. Halafu shahidi anajitokeza, hati inapatikana, kuna hotuba kali mbele ya jaji, muziki unapanda, watu wanakumbatiana. Maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanakuambia kampuni ililipa ngapi. Unafuta machozi, unazima simu, unalala ukiwa na roho safi.

Mtaani kwetu Mukuru tulizionea kwa kibanda cha video, mabati, benchi za mbao, shilingi 10 kuingia. Mhusika mkuu tulimwita stelingi. Sheria ya kwanza ya kibanda ilikuwa stelingi hafi. Ya pili, stelingi hachoki. Ya tatu hakuna aliyetuambia lakini sote tuliijua: stelingi hana bili. Hujawahi kuona stelingi akihesabu sarafu kwa kondakta. Hujawahi kumwona akiomba ruhusa kwa supavaiza ili aende kotini, halafu akirudi anakuta jina lake limefutwa kwa orodha ya vibarua.

Sasa hebu nikuonyeshe kesi ya mathe, uone kama kuna dairekta angeigusa.

Aliumia mwaka 2015, kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area. Mashine ilikuwa na kifuniko cha kuzuia mikono. Supavaiza alikitoa kwa sababu kilikuwa kinapunguza kasi. Vidole viwili vikaenda, na wiki tatu baadaye kazi ikaenda pia. Akapata wakili wa kulipwa mwishoni, kesi ikafunguliwa, na mathe akanunua daftari la kurasa 48. Kila akienda mahakamani aliandika tarehe na kilichofanyika. Daftari hilo liko mbele yangu ninapoandika. Lina tarehe 34. Kesi ilisikizwa mara mbili. Mara 32 zilizobaki ilitajwa tu, au ilisongeshwa mbele. "Hakimu yuko likizo." "Hakimu amehamishwa." "Faili haionekani." "Wakili wa kampuni ni mgonjwa." "Wakili wangu hakuja." "Nimekaa mpaka saa nane, kumbe ilitajwa asubuhi chumba kingine."

Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai ya kuumia kazini yanapaswa kuanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si kwa hakimu. Kwa hivyo kesi ambayo tayari ilikuwa na miaka minne ikasimama ili mawakili wabishane ni nani hasa ana mamlaka ya kuisikiliza. Mathe aliandika: "Wanasema huenda tulianzia mlango usio wetu." Kabla hilo halijaisha, korona ikaingia na korti zikahamia mtandaoni. Tukaazima simu ya jirani, tukanunua bando. Mathe akavaa blauzi ya Jumapili kuhudhuria kesi akiwa ameketi kitandani. Bando ikaisha wakiwa wangali kwa kesi ya tatu kwenye orodha. Sisi tulikuwa namba 19.

Tuhesabu nauli sasa, maana ndiyo aliyouliza. Kwenda na kurudi tauni, 100. Kazi yake baada ya kiwanda ilikuwa kufua nguo South B, 500 kwa siku, na siku ya korti hakuna kufua. Hiyo ni 600 kwa kila tarehe. Mara 34 ni 20,400. Daktari wa kuandika ripoti, 5,000. Wakili alikata 24,000. Toa zote kwa ile 80,000. Zinabaki 30,600 kwa vidole viwili. Shilingi 15,300 kwa kidole.

Huyo ndiye mtu niliyemwita mwoga. Na wacha niseme ukweli wote, kwa sababu makala ya kulaumu wengine peke yao ni rahisi kuandika. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya karo, na kichwani mwangu pesa ya kesi ilishakuwa karo yangu. Nilitaka apigane zaidi ili mimi nirudi darasani. Muvi ilinipa lugha ya kuuficha huo uchoyo. Nikauita ujasiri.

Baadaye nikarudi kumsoma Erin vizuri, Erin wa kweli na Erin wa muvi. Muvi ilitoka mwaka 2000, ikaongozwa na Steven Soderbergh, na Julia Roberts akapata Oscar. Kesi yenyewe ilihusu mji mdogo wa Hinkley, California, na kampuni ya gesi na umeme ya PG&E, ambayo kromiamu yake yenye sumu iliingia kwenye maji ya chini ya ardhi. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333.

Unajua ile kesi iliishaje? Hakukuwa na hukumu. Hakuna jopo la wananchi lililosimama kusema kampuni ina hatia. Ilipelekwa kwa wasuluhishi, mlango ukafungwa, wakakubaliana. Makubaliano ya nje, kama ya mathe. Mawakili wakachukua asilimia 40. Wakazi waliobaki wakagawana, na baadhi yao wakalalamika kwamba hawakuelewa kwa nini huyu kapata kiasi hiki na yule kiasi kile. Na Hinkley? Sumu haikuondoka. Miaka mingi baada ya muvi bado ilikuwa ikisambaa chini ya ardhi, kampuni ikawa inanunua nyumba, watu wakahama, shule ya mji ikafungwa mwaka 2013.

Muvi inaishia wapi? Inaishia Erin akipokea hundi yake ya dola milioni 2 katika ofisi mpya. Hinkley hatuioni tena. Ukifikiria sana utaona kwamba tofauti kati ya "ushindi" wa Hollywood na "kushindwa" kwa mathe ni idadi ya sifuri. Wote walitia sahihi. Wote walipewa pesa badala ya jibu. Mmoja akachezwa na Julia Roberts, mwingine akaitwa mwoga na mtoto wake.

Najua kuna mtu tayari anasema: wacha kutesa watu, bana, hiyo ni burudani. Muvi ni ya dakika 130, haiwezi kuonyesha miaka saba. Sikubali. Muvi hizo hizo hazikosi muda wa kuonyesha bondia akikimbia ngazi, akipiga mfuko, akinywa mayai mabichi. Mateso ya mwili yana nafasi kwa sababu yanapendeza kamera. Kukaa kwa benchi ya korti tangu saa mbili unusu mpaka saa saba, umeshika bahasha kwenye mapaja, hakupendezi kamera. Kinachokatwa ni uamuzi wa mtu. Na kila mara kinachokatwa ni kile kile, yale ambayo maskini hulipa.

Wahindi angalau walitaja jina la ugonjwa. Kama ulikulia karibu na kibanda, umeiona Damini, ya mwaka 1993, mwanamke anayewashuhudia jamaa wa mume wake wakimdhulumu mfanyakazi wa nyumba, naye anakataa kunyamaza. Sunny Deol, akiwa wakili, anamfokea jaji kwamba mahakama inatoa tarehe juu ya tarehe juu ya tarehe, lakini haki haitoi. Kibanda kizima kilipiga makofi. Mathe hakuwahi kuiona, lakini daftari lake ndilo hotuba hiyo, bila sauti. Shida ni kwamba kwenye Damini wakili akishafoka, tarehe zinaisha. Jaribu kufoka hivyo Milimani uone. Utaongezewa tarehe, au utalala ndani kwa kudharau mahakama.

Halafu kuna tabia yetu ya kuwapa watu wetu majina ya hizo muvi. Phyllis Omido wa Mombasa, magazeti ya nje yalimwita Erin Brockovich wa Afrika Mashariki. Walidhani wanamsifu. Hebu tutazame kama sifa hiyo inamtosha.

Mwaka 2009 Omido aliajiriwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kando ya kijiji cha Owino Uhuru, ili kutoa risasi, yale madini mazito yaliyo ndani ya betri. Ripoti aliyoisimamia ilisema kiwanda hakifai kuwa karibu na watu. Haikusikizwa. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi kwenye damu, aliyoipata kwa maziwa ya mama. Omido akaacha kazi, akaanza kuzunguka ofisi kwa ofisi. Mwaka 2012 alikamatwa wakati wa maandamano, akashtakiwa, baadaye akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Hapo ndipo Hollywood ingeweka muziki na maandishi meupe. Kiwanda kimefungwa, shujaa ana tuzo, twendeni nyumbani.

Lakini watu wa Owino Uhuru hawakuwa na mahali pengine pa kwenda, nyumbani kwao ndiyo hapo penye risasi. Kesi yao ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Julai 2020 wakashinda: fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wapatao 3,000, na udongo usafishwe. Weka muziki tena. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitupilia mbali ile fidia. Zima muziki. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kutoka 2009 hadi 2024 ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikitoa moshi alikuwa amefika sekondari wakati majaji wa mwisho wanakubaliana kwamba ndiyo, alidhulumiwa. Na hukumu kwenye karatasi si pesa mkononi, wala haitoi risasi kwenye mfupa wa mtu.

Kwa hivyo ukimwita Omido Erin, unampunguza. Hinkley walifungua kesi 1993 wakalipwa 1996. Hiyo miaka mitatu sisi ni muda wa kutafuta faili. Na kuna jambo lingine ambalo jina hilo linafanya polepole: linafanya kesi ya watu 3,000 iwe hadithi ya mwanamke mmoja shupavu. Wale mama waliokwenda kutoa damu ipimwe, waliopanda magari ya kwenda kortini, waliozika watu wao katikati ya kesi, wote wanageuka kuwa watu wa nyuma kwenye picha. Muvi inahitaji uso mmoja. Kesi iliwahitaji wote.

Hii imani ya uso mmoja ndiyo inayonitisha zaidi. Inatufanya tukae tukingoja mtu jasiri ajitokeze, tumshangilie, tumfuate mtandaoni, kisha tumwache aende kortini peke yake. Ujasiri kwenye muvi ni bure. Hapa kwetu una bei na tumeiona. Juni 2016 mwendesha boda boda mmoja alitoka kwenye Mahakama ya Mavoko akiwa na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi. Kosa la yule wa boda lilikuwa kumshtaki polisi aliyempiga risasi. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilitolewa mtoni. Ilichukua mpaka Julai 2022 kwa maafisa watatu wa polisi na raia mmoja kupatikana na hatia ya mauaji, na hukumu ya adhabu ikaja Februari 2023. Mtu wa kawaida alifanya kila kitu ambacho muvi zinatuambia tufanye. Alikataa kunyamaza. Akatafuta wakili asiyenunulika. Akahudhuria kesi yake. Sasa nenda umwambie mtu wa mtaa wako mwenye jeraha la polisi kwamba kinachomkosesha haki ni uoga.

Mimi sisemi muvi hizi zipigwe marufuku. Nasema zisitulaze. Ipo inayojaribu. Dark Waters, ya mwaka 2019, inamfuata Rob Bilott, wakili anayeishtaki DuPont baada ya mkulima wa West Virginia, Wilbur Tennant, kumletea kanda za video za ng'ombe wake wakifa kwa kemikali ya kutengenezea Teflon. Ile muvi inaandika miaka kwenye skrini, na miaka inazidi kusonga. Watu wapatao 69,000 wanatoa damu, kisha wanangoja wanasayansi kwa takriban miaka saba. Mji unamchukia wakili. Mikono yake inaanza kutetemeka. Niliiheshimu. Lakini hata hapo kamera inalala kwa nyumba ya wakili, kwa mke wa wakili, kwa mshahara wa wakili unaokatwa. Tennant, aliyeanzisha yote, alikufa mwaka 2009, miaka mitatu kabla wanasayansi hawajamaliza kusema kwamba ile kemikali inahusiana na magonjwa. Ningependa kuona muvi inayobaki shambani kwake usiku.

Na ipo moja ambayo ilishalijibu swali la mathe kabla mimi sijazaliwa. Inatoka China, ya mwaka 1992, inaitwa The Story of Qiu Ju. Zhang Yimou ndiye aliyeiongoza na ilishinda Simba wa Dhahabu kule Venice. Qiu Ju ni mkulima wa pilipili, mjamzito. Mzee wa kijiji amempiga mume wake teke mahali pabaya. Qiu Ju hataki pesa. Anataka mzee aeleze kwa nini, aombe msamaha, basi. Mzee anakataa. Anatupa noti chini ili mama ainame kuziokota, na mama hainami. Basi anaanza safari. Anaenda tarafa, anaenda wilaya, anaenda mji mkubwa, na kila ngazi inampa jibu lile lile: utalipwa, nenda nyumbani.

Sasa tazama. Kila safari, kabla hajaondoka, Qiu Ju na wifi yake wanapakia pilipili kwenye mkokoteni, wanaenda kuuza barabarani. Hiyo pilipili ndiyo nauli. Dairekta hakukata. Tunawaona wakipima, wakijadiliana bei, wakihesabu noti. Mjini wanatozwa kupita kiasi na mwenye gari la kukanyaga kwa sababu wanaonekana washamba. Wanatafuta chumba cha bei ya chini. Tumbo lake linakua kutoka safari moja hadi nyingine, na hivyo ndivyo unavyojua muda umepita. Hakuna haja ya maandishi.

Na mwisho wake unauma kuliko hotuba yoyote. Qiu Ju anapatwa na uchungu usiku wa baridi, na ni yule yule mzee wa kijiji anayekusanya wanaume wambebe mpaka hospitali. Mama na mtoto wanapona. Mtoto anapotimiza mwezi kuna sherehe, na Qiu Ju anamsubiri mzee aje kama mgeni wa heshima. Haji. Sheria, ambayo haikumsikia alipokuwa akiomba neno moja, sasa ndiyo imeamka na kumchukua mzee akafungiwe. Muvi inaishia kwa uso wake akitazama barabara ambayo gari la polisi limepita. Alitafuta maelezo, akapewa kifungo cha mtu.

Nilimwekea mathe hiyo muvi kwa laptop mwaka jana. Nilikuwa namtafsiria maandishi ya chini, lakini sehemu nyingi hakuhitaji. Alipoona ule mkokoteni alicheka kwa sauti. "Huyu anaenda kotini na pilipili!" Kisha akanyamaza muda mrefu. Ilipofika pale noti zinatupwa chini, akasema, "Mimi niliinama."

Nikamwambia hapana, hukuinama. Akaniambia nisimfundishe kilichompata. Akasema kitu ambacho hakuwahi kunieleza kwa ile miaka saba: kwamba tangu mwanzo alikuwa akitaka kusikia supavaiza akiulizwa mbele ya watu ni nani aliyetoa kile kifuniko. Hilo swali halikuulizwa hata mara moja katika tarehe 34. Na ile karatasi ya makubaliano, kwa kusema hakuna anayekubali kosa, ililifunga milele. Alipokea pesa kwa sababu alikuwa amechoka na kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Hakuwa anauza ukweli wake. Ukweli hakuna aliyeuliza bei yake.

Basi haya ndiyo madai yangu. Kwa nyinyi mnaotengeneza filamu hapa Nairobi, ambao mnalalamika kwamba hakuna stori: stori zimejaa pale Milimani kila asubuhi, zimeshika bahasha za kaki. Msituletee stelingi mwingine. Tuonyesheni mtu akipanga foleni kwa karani. Tuonyesheni siku hakimu hakuja. Tuonyesheni familia ikibishana usiku kama ichukue elfu 80 au ingoje, na muwe waungwana vya kutosha msituambie nani ana haki katika ule ubishi. Na msikate nauli.

Kwa sisi watazamaji, na hasa wewe unayesoma hii kwa simu ndani ya matatu, dai langu ni dogo na lina gharama. Mahakama zetu ziko wazi kwa umma. Karibu kila mtu mtaani ana jirani mwenye kesi: ya kazi, ya shamba, ya mtoto aliyepigwa risasi. Muulize tarehe. Changia ile mia moja. Au nenda ukae naye kwa benchi, ili siku akiambiwa faili haionekani asiwe peke yake wa kuambiwa. Hutapewa Oscar. Lakini nimegundua karani huongea tofauti kidogo akiona mtu amekuja na watu.

Mama mmoja wa ploti yetu ana kesi ya kufutwa kazi bila notisi. Itatajwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Mathe amempa lile daftari lake, kurasa zilizobaki, na akamwonyesha jinsi ya kuandika: tarehe upande huu, kilichotokea upande huu. Mimi ninampeleka. Nauli ya kwenda ninalipa mimi. Ya kurudi amekataa kabisa, amesema atalipa mwenyewe.